Je, Jina Lako Limo Kitabuni?



Kabla hujafungua ukurasa mwingine, nina swali moja kwako. Je, umewahi kukiona kwa macho yako kitabu cha ubatizo cha parokia yako? Sisemi cheti, kile kikaratasi chenye mhuri ulichopewa ulipotaka kufunga ndoa. Nasema kitabu chenyewe, kikubwa, chenye jalada gumu, kinachokaa kabatini katika ofisi ya parokia na kufungiwa kwa ufunguo.

Mimi ni karani wa parokia moja katika nchi ya Ugogo. Jina la parokia sitaliandika, maana habari nitakazokusimulia ni za waumini wake, nao hawakunituma kuzitangaza. Nilisomea ualimu chuoni, nikapata cheti changu, nikangoja kuitwa kazini mpaka nikachoka. Ndipo Baba Paroko aliponiomba nimsaidie ofisini kwa mwezi mmoja tu. Huu ni mwaka wa nane. Kila siku nashika vitabu hivi, na nimeona kwamba historia ya parokia na ya shule yake imo humo kuliko mahali pengine popote, ila imefumbwa. Leo nataka kukufumbulia kidogo.

Kwanza ujue kwamba karani haandiki kwa kupenda kwake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, na majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandikwe. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinadai vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu katika kila parokia. Tena zinaagiza kwamba pembeni mwa jina la mbatizwa yaongezwe mambo yatakayompata baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za utawa. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba maisha ya mtu mzima. Ukifunga ndoa mbali, hata Mwanza, paroko wa huko anapaswa kuleta habari kwetu ili tuiandike penye ubatizo wako. Wengine huleta. Wengine, Mungu awasamehe, hawaleti.

Sasa nikueleze habari ya mzee mmoja.

Alikuja siku ya Jumanne, amevaa koti katika jua la saa sita. "Mbukwa, mwanangu," akasema, nami nikamwamkia kama inavyopasa, nikampa kiti. Shida yake ilikuwa hii: kitambulisho chake cha taifa kimemfanya kijana. Kwa hesabu ya kitambulisho, yeye amezaliwa miaka mitatu baada ya mdogo wake wa kumfuata. Watu nyumbani wanamcheka, lakini kwake si mchezo, kwa sababu kila anapokwenda na karatasi zake hazipatani. Aliambiwa alete cheti cha ubatizo.

"Ulibatizwa mwaka gani, mzee?"

"Mwaka sijui. Tulibatizwa darasa zima, mkesha wa Pasaka. Jina langu Yohane."

Msomaji, hujui tabu ya jina Yohane. Miaka ile ya 1950, kila Pasaka ilileta akina Yohane, Petro na Paulo kama mvua. Tena vitabu vya wakati huo vimeandikwa kwa Kilatini: Yohane ni Joannes, na jina la ukoo limeandikwa jinsi sikio la padre Mwitaliano lilivyolisikia. Hapo ndipo karani mgeni hupotea. Mwitaliano akiandika "chi", yeye husoma "ki", na akiandika "ci", husoma "chi". Basi kijiji kimoja unaweza kukikuta kimeandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Mimi nilihitaji mwaka mzima kulizoea jambo hili, na bado hunipiga chenga.

Kwa nini Waitaliano? Hapa lazima nirudi nyuma.

Wakatoliki hawakuwa wa kwanza kuhubiri Injili Ugogo. Waanglikana wa C.M.S. walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, kwa njia ya misafara, na mpaka leo wajukuu wa wanafunzi wao ni wengi kuliko sisi katika vijiji kadhaa. Upande wetu, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua shule na makao ya waliokombolewa utumwani, kisha wakapanda bara hatua kwa hatua. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha kufika Kondoa Irangi. Reli ya Kati nayo, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na palipokuwa pori na mibuyu pakawa mji.

Halafu ikaja vita, na baada ya vita njaa. Wazee wetu waliiita Mtunya. Tangu 1917 hata 1920, nchi hii iliyokwisha kuporwa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya majeshi mawili, ikanyimwa na mvua. Maofisa wa Kiingereza walikisia kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000. Yaani mmoja kati ya watano. Usishangae basi kwamba misheni zilianza upya kwa unyonge mkubwa, na kwamba mzee wa Kigogo alipoletewa habari ya shule aliuliza kwanza ni nani atakayechunga ng'ombe.

Wapasionisti, yaani watawa wa Mateso walioanzishwa na Mtakatifu Paulo wa Msalaba, walifika kutoka Italia katika miaka ya 1930. Tarehe 28 Januari 1935 Roma ikaifanya Dodoma kuwa eneo la kimisionari linalojitegemea. Ndiyo sababu Kanisa Kuu la Dodoma mpaka leo lina jina la Paulo wa Msalaba. Miaka mitano baadaye, Juni 1940, Italia ikaingia vitani dhidi ya Uingereza, na mapadre hao wakawa kwa sheria raia wa nchi adui katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Fikiria hali ya katekista wa Kigogo wakati ule, aliyekuwa amefundishwa kusema "Baba" kwa mtu ambaye serikali inamwita adui! Mwaka 1953 Dodoma ikawa jimbo kamili chini ya Askofu Anthony Jeremiah Pesce, Mpasionisti, aliyeliongoza mpaka 1971. Baada yake akaja mwana wa nchi, Askofu Mathias Isuja, mzaliwa wa Haubi kule Kondoa, aliyewekwa mwaka 1972 na kustaafu mwaka 2005. Kondoa ilipewa jimbo lake mwaka 2012, na Dodoma ikawa jimbo kuu mwaka 2014.

Nisipotaja zabibu, watu wa Bihawana watanilaumu. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, nayo ikapenda udongo wetu mkavu na jua letu, hata ikazaa mara mbili kwa mwaka. Leo inauzwa barabarani na kulipia karo za watoto, wa dini zote.

SHULE CHINI YA MTI

Turudi kwa mzee wangu. Nilipokwisha kupekua akina Joannes mpaka macho yakauma, nilimwuliza: "Msimamizi wako alikuwa nani?"

Akacheka. "Msimamizi wetu sote alikuwa mwalimu."

Hapo nikajua pa kutafuta. Katika shule za kichaka za siku zile, mwalimu na katekista walikuwa mtu mmoja. Asubuhi aliwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu chini ya mti au katika banda la miti na udongo. Halafu akawafundisha katekisimu. Jumapili ambayo padre hakufika aliongoza sala. Mtoto akifiwa, yeye ndiye aliyezika. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na mara nyingine ulikuwa ahadi tu. Waingereza walipoanza kutoa msaada wa fedha kwa shule za misheni katika miaka ya 1920, msaada ulikwenda kwa shule zilizoandikishwa na kukaguliwa, zenye walimu wenye vyeti. Shule ya kichaka haikupata kitu. Hata hivyo ndiyo iliyopeleka watoto katika shule kubwa, maana mtoto hakuzaliwa anajua herufi.

Ukatekumeni ulikuwa wa miaka, tena wenye mitihani. Kwa hiyo ubatizo wa mkesha wa Pasaka ulifanana na siku ya kumaliza shule: darasa zima, wavulana upande huu, wasichana upande ule, na mwalimu amesimama nyuma ya wavulana wake wote kama baba mwenye watoto ishirini. Nikaacha kutafuta Yohane, nikatafuta jina la mwalimu katika safu ya wasimamizi. Nikalipata limeandikwa mara moja, na chini yake alama za "huyo huyo" zikishuka ukurasa mzima. Katikati yake, Joannes, na jina la baba, na jina la kijiji kwa "chi" ya Kiitaliano. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa kukadiria, neno "circiter" likitangulia. Kwa makadirio ya padre yule, mzee wangu ni mkubwa kwa mdogo wake kwa miaka minne kamili.

Mzee alikaa kimya. Kisha akaniomba nimsomee majina ya wenzake. Nikamsomea mmoja mmoja. Kwa kila jina alisema neno: huyu alikufa, huyu alihamia Morogoro, huyu alikuwa mwizi wa maembe, huyu akawa padre. Mambo hayo hayamo katika safu yoyote ya kitabu.

Katika kizazi cha shule za misheni ndimo alimotoka Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliyezaliwa 1917 na kufa 1969. Alituandikia historia na desturi za Wagogo mwaka 1954, akaitungia Injili utenzi. Nawauliza vijana wanaokuja ofisini kama wanamjua. Wengi wanamjua kwa ngonjera tu, kwa sababu waliziimba shuleni.

MWAKA WA 1970

Kabatini mwangu yamo madaftari ya mahudhurio ya shule ya misheni, yamefungwa kwa kamba ya katani. La mwisho ni la 1969. Baada ya hapo hakuna. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na kuanzia 1970 shule yetu ikawa ya umma, pamoja na majengo, walimu na watoto. Seminari ziliachwa. Ukienda Bihawana leo utaliona jambo hilo kwa macho: pana seminari ya Kanisa na pana sekondari ya serikali, majirani waliotoka katika misheni moja.

Wazee wa parokia walilia, nami nimewasikia wakisimulia. Walichoma matofali yale kwa mikono yao. Lakini nitasema ninavyoona mimi, na asiyekubali aniandikie. Wakati wa Uhuru shule nyingi za msingi katika nchi zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu au wa asiye na dini aliingia kama mgeni, au hakuingia. Serikali ilitaka dini isiwe mlango wa kuingilia darasani. Hilo halikuwa kosa. Vipindi vya dini viliendelea, na mapadre hawakufukuzwa. Kilichopotea ni kitu kingine: yule mtu mmoja aliyekuwa mwalimu na katekista aligawanywa mara mbili. Mwalimu akalipwa na serikali, akahamishwa anakotakiwa. Katekista akabaki kijijini na jembe lake na posho isiyotosha kununua sabuni.

Tena wakati huo huo, mwaka 1970 na 1971, ikaja Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Vigango vikahama. Katika kitabu nakuta jina la kigango likirudi kila Krismasi kwa miaka kumi na mitano, mara likatoweka, nalo jipya likazaliwa pasipo maelezo. Anayetafuta jina la mama yake lazima ajue mama alihama kutoka wapi.

Baadaye serikali na makanisa walipatana upya. Mwaka 1992 walitia sahihi hati ya makubaliano juu ya elimu na afya, na shule za Kanisa zikaongezeka tena. Ni nzuri, sikatai, nyingi zinafaulisha. Lakini nikitazama karo zake, namkumbuka yule mtoto wa chini ya mti, aliyelipa debe la mtama au asilipe chochote, na sioni mahali pake. Hilo nimemwambia Baba Paroko. Alisema, "Andika." Basi nimeandika.

MSICHANA ALIYEAMBIWA HAYUMO

Sasa habari ambayo hainipendezi kuisimulia, kwa sababu kosa moja ndani yake ni langu.

Msichana wa kigango cha mbali alimaliza kidato cha sita, akafaulu. Alitaka mkopo wa serikali wa chuo kikuu, na mkopo unadai cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na RITA. Alizaliwa nyumbani, hana cheti. Kwa mtu wa namna hiyo, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya karatasi zinazokubaliwa kuthibitisha kuzaliwa kwake. Alikuja kwangu siku sita kabla dirisha la maombi kufungwa. Nikafungua kitabu cha mwaka alionitajia, nikafungua na cha mwaka uliofuata. Nikamwambia, "Dada, haumo." Nikafunga kitabu, maana watu walikuwa wengi mlangoni. Akashukuru, akaondoka.

Usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka kitu nilichokiona bila kukitazama. Mwaka ule, vigango vyote vilikuwa na ubatizo wa Pasaka kitabuni isipokuwa kigango chake. Je, inawezekana kigango kizima kisiwe na mtoto mmoja wa kubatizwa? Asubuhi nikamwambia Baba Paroko, nikapanda pikipiki.

Utaratibu ni huu: padre akibatiza kigangoni, katekista huandika majina katika daftari lake, kisha hulileta parokiani yaingizwe kitabuni. Masika yale mto ulifurika, katekista hakuja, kisha akaugua, kisha akafariki. Hakuna aliyeuliza. Wala mimi, niliyeishika ofisi tangu miaka minane, sikuwa nimeuliza.

Mjane wake alinitolea sanduku la bati kutoka ndani ya tembe. Madaftari yalikuwemo. Mchwa walikuwa wamepita chini ya sanduku na kula kona. Ukurasa wa Pasaka ile ulibaki nusu: tarehe ipo, majina sita ya kwanza yapo, na mstari wa saba unaanza kwa herufi mbili tu. Herufi hizo ni za mwanzo wa jina la msichana. Kwa karani anayetaka kuthibitisha jambo, herufi mbili hazitoshi.

Lakini Sheria ya Kanisa haikumwacha mtu kama huyu. Kanuni ya 876 yasema kwamba ubatizo waweza kuthibitishwa kwa tamko la shahidi mmoja asiye na shaka. Nikauliza ni nani aliyemsimamia msichana. Wakanionyesha bibi mmoja aliyekuwa anapepeta uwele.

Kesho yake walifika parokiani kwa gari la mizigo, bibi na msichana, wamepauka kwa vumbi. Bibi akatamka mbele ya Baba Paroko: siku gani, padre gani, mtoto alilia kiasi gani, kitambaa alichofungwa kilikuwa cha rangi gani. Tukaandika tamko, akatia sahihi. Nilikuwa nimeshika kidau cha wino wa dole gumba tayari, naye akakisukuma pembeni akaomba kalamu. Jina likaingizwa kitabuni, na pembeni maelezo ya lini na kwa nini limechelewa, na sahihi ya paroko. Wale wengine sita wa daftari nao wakaingia siku hiyo hiyo. Saa tisa msichana alipata lifti ya mjini, cheti chake kikiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kanga.

Bibi hakuondoka naye. Alibaki kwenye benchi.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nimo?"

Nikamwuliza kigango, shule na mwalimu. Alikuwa wa shule ya misheni, wa miaka ya mwisho ya 1950. Nilimpata upesi kuliko nilivyotazamia: jina lake kwa Kilatini, la baba, la mama, na pembeni ndoa yake ya mwaka 1963. Akainama, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma polepole. Kidole kikasimama kwenye jina la mama.

"Hapa padre amekosea. Mama yangu hakuitwa hivi."

Nikamweleza kwamba hairuhusiwi kufuta wala kukwangua kitabu. Ila tunaweza kuandika sahihisho pembeni, na paroko akatia sahihi. Akakubali. Nikachukua kalamu, nikamwomba anitajie jina.

Akalitaja lote mara moja. Alipoona nasitasita, akakaa wima kama mtoto wa darasa la pili, akanitajia herufi moja moja, akisimama kila baada ya herufi mpaka nimalize kuiandika.